Naombeni ushauri: ua jekundu la mviringo kwenye ndoo, majani yamejaa lakini halichanui

BintiKorogwe
Habari za jioni wakuu. Nakaa ghorofani hapa Dar, bustani yangu ni kibaraza tu. Kuna lile ua la porini ambalo mvua zikianza linachomoza bua tupu, halafu juu linafunguka duara jekundu la vijiua vingi vyenye nyuzi nyembamba. Kitaalamu ni Scadoxus multiflorus. Kwa mama Korogwe lilikuwa linajiotea chini ya miti nyuma ya nyumba. Nilipoliona kwa vijana wanaouza maua barabarani nikachukua vitunguu vyake vinne, kimoja kikiwa tayari kimechanua.

Ua lile lilikaa wiki na kitu likanyauka. Tangu hapo ni majani tu, na vuli iliyopita nilisubiri mpaka ikaisha.

Nimevipanda kwenye ndoo za plastiki za lita 20 nilizotoboa chini, kila kimoja ndoo yake. Udongo ni mweusi wa kununua, nusu kwa nusu na samadi ya kuku. Namwagilia kila asubuhi mwaka mzima. Jua linapiga kuanzia saa nne mpaka alasiri. Majani ni mapana na ya kijani kibichi, ila kingo zinaungua. Sasa masika imekwisha, tunaingia Juni. Jirani ameniambia nikate majani yote ili kitunguu kishtuke. Ni kweli? Nifanye nini nione maua vuli hii?

MamaMajani
Karibu dada. Jani likiwa bado la kijani usiliguse. Ndilo linalokitengenezea kitunguu chakula, na katika jamii hii ya maua, ua la msimu ujao huanza kuumbika humo ndani muda mrefu kabla hujaliona. Ukikata leo unakata na ua la vuli.

Mimi naona tatizo lako ni maji. Ua hili limezoea nchi yenye masika na kiangazi. Mvua zikiisha majani yananyauka, kitunguu kinalala ardhini kikavu, mvua zikirudi kinaamka na ua. Wewe unakinywesha mwaka mzima, kwa hiyo hakijawahi kukutana na kiangazi tangu kifike kwako.

Anza kupunguza sasa. Kutoka kila siku nenda mara mbili kwa wiki, kisha mara moja. Majani yakianza kugeuka njano acha kabisa, na uzisogeze ndoo pale ambapo hata manyunyu hayafiki. Majani yakikauka yenyewe yatatoka ukiyavuta kidogo. Viache hivyo mpaka mwanzoni mwa Oktoba, ndipo umwagilie mara moja kwa nguvu, maji yapite mpaka chini. Halafu subiri. Ukiona ncha inachungulia, endelea kumwagilia kila udongo wa juu ukikauka. Hapo ndipo wengi wanapoviozesha, wanamwaga maji kila siku juu ya kitunguu ambacho hakijaamka.

FundiBustani_Moro
Naungana na Mama, lakini kwa nini asiving'oe kabisa? Mimi vitunguu vya maua nikishavikausha naviweka kwenye kiroba cha mchanga mkavu stoo, ninarudisha mvua zikikaribia. Haviozi na wala havichukui nafasi.

MamaMajani
Kwa gladiola ni sawa kabisa, mkuu. Hili lina mizizi minene ambayo haifi wakati wa kulala. Ukiling'oa kila mwaka mizizi inakatika, na kitunguu kinatumia nguvu zake kuirudisha badala ya kutoa ua. Likae chunguni mwake, lihamishwe kila baada ya miaka mitatu au minne hivi, tena likiwa limelala, muda mfupi kabla ya mvua.

MzeeWaMuheza
Wanangu, mnazungumzia maji tu. Angalieni na mahali linapoota lenyewe. Mimi nimelikuta vichakani, katikati ya mawe, na sana kwenye vichuguu, na mara nyingi kuna mti juu yake. Jua la saa sita la Dar juu ya kibaraza cha saruji ni kali mno kwake, ndiyo maana kingo zinaungua. Lipate jua la asubuhi mpaka saa tatu, baada ya hapo kivuli chepesi. Kama kibaraza hakina kivuli, funga kitambaa chepesi au liweke nyuma ya mmea mkubwa.

Na hiyo samadi ya kuku, binti yangu, ni nyingi kupita kiasi. Inasukuma majani. Chukua sehemu mbili za udongo wa majani yaliyooza, sehemu moja ya mchanga wa mtoni, na viganja viwili vya samadi ya ng'ombe iliyokaa mpaka haina harufu. Ndoo ya lita 20 nayo ni kubwa kwa kitunguu kimoja, maji yanabaki chini pale ambapo mizizi haijafika. Tafuta chungu cha udongo wa kufinyanga chenye upana wa sentimita 18 au 20, kinapumua na kukauka upesi. Kitunguu usikizike. Shingo yake iwe usawa wa udongo au ichungulie kidogo.

MsambaaHamburg
Shikamoo mzee. Nimefurahi kuuona uzi huu, maana ua hili ninalo huku Ujerumani na linachanua. Linaishi chunguni maisha yake yote kwa sababu baridi kali ya nje ingeliua. Kabla baridi haijaanza kuuma naliingiza ndani, nasimamisha maji, linakaa kavu kwenye chumba chenye nyuzi 12 hadi 15. Majira ya kuchipua yakifika nalisogeza dirishani na kulipa maji. Miezi yangu na yenu imepishana, lakini utaratibu wa ukame kisha maji ni uleule.

Dada, hakikisha kwanza unacho kipi. Kuna ndugu yake wa kusini mwa Afrika aitwaye katherinae, ambaye hukaa na majani karibu mwaka mzima. Huyo hakaushwi kabisa, anapunguziwa tu. Kama lako ua lilitangulia majani, au vilitoka pamoja, na bua ni fupi lenye madoadoa, basi ni letu hili na maelezo ya MamaMajani yanalihusu moja kwa moja.

BintiKorogwe
Shikamoo mzee, ahsanteni sana wote. Ua lilitangulia majani, na madoadoa ya zambarau yapo chini kwenye shina. Leo sijamwagilia.

Nina maswali mengine mawili. Kitunguu kimoja nikikibonyeza shingoni ni laini na kina harufu. Na nina mtoto wa miaka mitatu. Nasikia ua likishakwisha linatoa vitunda vyekundu, je, vina madhara?

MamaMajani
La mtoto kwanza. Mmea huu ni sumu wote, na kitunguu ndicho kikali zaidi. Afrika Magharibi wameutumia kwenye sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Viweke juu asipofika. Ua likinyauka kata bua lake pale pale, kabla vitunda havijaiva na kumvutia kwa rangi. Nawa mikono ukimaliza kuvishika. Na tafadhali, wakati wa kuhamisha, visipite kabisa jikoni wala visiwekwe kapu moja na vitunguu vya kula. Vikishapoteza majani mtu mwingine nyumbani hawezi kujua.

Mtoto akikua, acha vitunda viive. Unamenya nyama yake, unaosha mbegu na kuipanda mbichi siku hiyohiyo, maana ikikauka haioti. Uwe na subira, kutoka mbegu mpaka ua la kwanza ni miaka mitatu hadi mitano.

FundiBustani_Moro
Hicho laini usisubiri Oktoba, kitoe leo. Osha, kisha toa tabaka zilizooza moja moja mpaka ufikie sehemu nyeupe ngumu. Geuza uangalie kitako kinakotokea mizizi. Kikiwa kigumu kitapona, pakaza unga wa mkaa kwenye majeraha, kiache kivulini kwenye hewa mpaka majeraha yakauke, ndipo ukipande kwenye mchanga uliokaribia kukauka na usimwagilie mpaka kichipue. Kitako kikiwa kimeoza, tupa pamoja na udongo wake, na ndoo uisugue kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kupanda kitu kingine. Vile vitatu vibonyeze pia, kimoja kimoja. Vimekunywa maji yaleyale.