Mstari unaotetemeka juu ya bawa la ndege: je, ni wimbi la mshtuko?

Kiti cha Dirishani
Wanajukwaa, salaam. Hivi karibuni nilisafiri kwa ndege kutoka Nairobi kwenda Johannesburg, na ilipokaribia saa sita mchana niliona juu ya bawa mstari mwembamba, mfano wa kivuli cha uzi, ukisogea mbele na kurudi nyuma huku ukitetemeka. Jirani yangu alisema ni wimbi la mshtuko. Yawezekanaje, ilhali ndege ya abiria haifikii kasi ya sauti?

Fundi Mabawa
Jirani yako alisema kweli. Ndege yenyewe huenda kwa takribani asilimia 80 ya kasi ya sauti, lakini hewa inayopita juu ya mgongo wa bawa, kwa sababu ya mbinuko wake, huongezeka mwendo hadi ikaipita kasi hiyo katika eneo dogo, kisha hurudi chini yake kwa ghafla. Mahali inaporudi ndipo wimbi linaposimama. Hapo hewa husongamana, mwanga wa jua hupinda, na kivuli huanguka juu ya bawa. Huonekana vizuri jua likiwa utosini, kwa hiyo sisi wa karibu na ikweta tuna bahati.

Mwalimu wa Fizikia
Naomba niongeze jambo, kwa kuwa wengi hudhani mbinuko wenyewe ndio unaozaa wimbi. Sivyo. Hewa iliyoipita kasi ya sauti ikifuata uso uliobinuka hutanuka, kanieneo lake (nguvu ya hewa kwa kila eneo) hushuka na mwendo huzidi. Wataalamu wa Kijerumani Prandtl na Meyer walilieleza hilo mwaka 1908. Wimbi huzaliwa kwa sababu upande wa nyuma wa bawa kanieneo ni kubwa zaidi, na mitikisiko midogo inayotoka huko, ambayo husafiri kwa kasi ya sauti, haiwezi kuukwea mkondo unaokwenda kasi kuliko yenyewe, hivyo hurundikana mahali pamoja. Uso uliobonyea ndio unaokusanya vijiwimbi vya mgandamizo hadi vikawa wimbi moja kali.

Kiti cha Dirishani
Ahsanteni sana. Je, lina madhara?

Fundi Mabawa
Likiwa hafifu, huongeza ulaji wa mafuta tu. Lakini hewa iliyo mbele yake ikizidi takribani mara 1.3 ya kasi ya sauti, tabaka jembamba la hewa linaloambatana na ngozi ya bawa huweza kubanduka, na bawa likaanza kutikisika. Ndiyo maana mhandisi Richard Whitcomb wa NASA, shirika la anga la Marekani, katika miaka ya 1960, alisanifu bawa lenye mgongo uliolala zaidi na tumbo lililobonyea karibu na ukingo wa nyuma, likajaribiwa angani kwenye ndege ya kivita ya F-8 mwaka 1971. Mstari wako ulikuwa ukicheza kwa sababu wimbi huhama kila mara mwendo wa ndege, au mwinuko wa pua yake, unapobadilika hata kidogo.