Ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi tangu mwaka 2002: Serikali inasubiri nini?

Ndugu wanajukwaa,

Ruzuku ya uendeshaji ambayo Serikali ya Tanzania inampangia mtoto wa shule ya msingi ya umma ni shilingi 10,000 kwa mwaka, kiwango kile kile kilichowekwa mwaka 2002 ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM. Wakati ule kiasi hicho kilikuwa sawa na takriban dola 10 za Marekani. Leo hakifiki dola 5, na bei ya kila kitu kinachonunuliwa na shule imepanda mara kadhaa.

Tena hiyo 10,000 haifiki shuleni yote. Shilingi 4,000 hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu, shule inapokea 6,000, ambayo ni shilingi 500 kwa mwezi kwa kila mtoto. Gawanya kwa siku 194 za masomo, utapata chini ya shilingi 31 kwa siku. Kwa fedha hiyo mwalimu mkuu anatakiwa anunue chaki na karatasi za mitihani, atengeneze madawati yaliyovunjika na mlango uliong'oka, aendeshe michezo na agharimie shughuli zote za ofisi. Ningependa aliyekipitisha kiwango hiki katika bajeti ya mwaka huu atueleze yeye angeanza na lipi.

Linganisheni na jambo hili. Mwaka 2016 Serikali ilianza kuwalipa walimu wakuu posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Sina kinyongo na posho hiyo, kwa sababu kazi yao ni nzito na wanaistahili. Lakini shule yenye watoto 400 inapokea ruzuku ya shilingi 200,000 hizo hizo kwa mwezi, kwa ajili ya watoto wote 400! Maana yake uwezo wa kupanga kiwango kipya upo pale wakubwa wanapoona umuhimu, ila chaki na karatasi za watoto wetu hazijawahi kuonekana kuwa muhimu kiasi hicho.

Matokeo yake tunayajua sote tulio na watoto katika shule hizi. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 uliondoa ada na michango ya lazima, uandikishaji wa darasa la kwanza ukaruka mwaka 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango shuleni. Yalikuwa maamuzi mema, na watoto wengi wa maskini wamesoma kwa sababu yake. Kilichokosekana ni fedha ya kuziba pengo lililoachwa na michango ile. Sasa katika shule anayosoma mwanangu tunaitwa kikaoni, tunaambiwa mchango ni wa hiari, kisha majina ya wasiotoa hela ya rimu, ya mlinzi na ya mwalimu wa kujitolea yanasomwa mbele ya wazazi wenzao. Huo si uhiari. Mama anayeuza mboga anadhalilishwa kwa deni ambalo kwa haki ni la Hazina, na mwalimu mkuu naye amebanwa: akichangisha anavunja maagizo, asipochangisha shule haiendi.

Naomba tusiambiwe kwamba fedha hakuna. Mwishoni mwa mwaka 2021, kwa mkopo wa UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3, yalijengwa madarasa 15,000 nchi nzima kwa muda wa miezi michache, na nilifurahi kama Mtanzania yeyote. Ila darasa lina jiwe la msingi na siku ya uzinduzi, kiongozi anapigwa picha, habari inatoka. Ruzuku haina sherehe, kwa hiyo haina mtetezi. Tumejenga kuta nzuri, halafu tunawaachia walimu shilingi 31 za kufundishia ndani yake, wakati Sera ya Elimu na Mafunzo, Toleo la 2023, inaongeza elimu ya lazima kufikia miaka 10.

Ninachokidai kinaeleweka. Kiwango cha ruzuku kipandishwe katika bajeti ijayo, na kipitiwe kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei badala ya kugandishwa kwa zaidi ya miaka 20. Shule za pembezoni zenye watoto wachache zipewe kiwango cha chini ambacho shule haiwezi kushuka chini yake, maana kugawa fedha kwa idadi ya watoto peke yake kunaziua shule hizo. Kisha fedha zinazopelekwa kila mwezi zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule, wazazi wazione.

Bajeti ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, husomwa Bungeni kuanzia Aprili. Kila mmoja wetu amuulize mbunge wake kabla ya hapo kama atasimama kudai ongezeko hili, na jibu lake aliweke hapa pamoja na jina la jimbo. Walio katika kamati za shule nawaomba waseme shule zao zimepokea kiasi gani mwezi uliopita.