Naomba ushauri: gazeti la mtandaoni linatutoa kila mara

Habari zenu wakuu. Niko Ngamiani, Tanga. Nalipia gazeti la mtandaoni kila mwezi, tunalisoma watatu: mimi, binti yangu aliye chuoni Dodoma na baba kule Pangani. Akaunti inaruhusu vifaa viwili tu. Binti akiingia, mzee anatolewa, na namba ya uthibitisho inakuja kwenye simu yangu nikiwa kazini. Mzee kazoea gazeti lake na chai ya asubuhi, inaniuma sana kumkatisha. Netflix nao walibana kugawana nywila mwaka 2023, kwa hiyo sitaki njia za panya nikafungiwa. Nimlipie mzee akaunti yake, au niulizie kifurushi cha familia? Halafu simu niliyouza mwaka jana sikuitoa kwenye akaunti. Naiondoaje nikiwa sinayo?