Tupeane uzoefu: mkono wa fristaili (kuogelea kifudifudi, mikono ikipokezana) ulikunyookea vipi?

Wakuu salama? Mimi mtoto wa Tanga, kuogelea nimejifunzia baharini, kichwa juu kama bata, mikono inachapa maji tu, nikajua nimeshamaliza. Nimekuja Dar nikaingia bwawa la mita 25, nafika ng'ambo nahema kama nimekimbizwa na mbwa na kuna mzee ana kitambi chake ananipita taratibu wala hatoi povu. Nikahesabu, kufika ng'ambo mimi napiga mikono 29, yeye 17. Kumbe natanguliza kidole gumba halafu mkono unavuka mbele ya uso, wa kulia unaangukia kushoto, kiuno kinayumba kama nyoka. Saa hizi niko 22. Nyie ilikuwaje?

#2
Hiyo ya kuvuka ndo ilikuwa yangu mkuu. Kocha kanambia kila mkono uingie usawa wa bega lake basi. Nikajaribu nikahisi nimetanua kama natupa jarife, jamaa akanirekodi na simu, kuangalia ndo kwanza umenyooka! Rekodi video, mwili unadanganya sana.

#3
Mie hilo gumba lilinipa maumivu ya bega hadi silali ubavu. Sasa natanguliza ncha za vidole, kiganja kinaangalia chini, kiwiko juu, na siunyooshi wote hewani nikaupiga kofi, unaingia mbele ya kichwa kidogo tu halafu namalizia kuunyoosha ndani ya maji. Bega kimya.

#4
Mnahangaika na kuingia, kazi iko kwenye kushika maji, yaani kuyasukuma nyuma ili uende mbele. Mimi nilikuwa nayakandamiza chini, kifua kinapanda, safari haiendi. Piga mita 25 umefunga ngumi, utalazimika kuvuta kwa mkono wote kuanzia kiwiko, ukija kufungua kiganja ni kama umepewa kasia. Na hiyo kiwiko juu si msahafu, Janet Evans, muogeleaji wa Marekani, alizungusha mikono imenyooka kama feni akabeba dhahabu 3 Olimpiki ya Seoul 1988.

#1
Mkuu #4 asante, ila nikigeuka kuvuta pumzi mkono wa mbele unazama, kwa nini?

#4
Unauegemea ili unyanyue kichwa. Usinyanyue, zunguka na mwili, sikio moja libaki majini.

#1
Sawa, kesho alfajiri naenda na ngumi. Mzee wa kitambi akiuliza nitamwambia nina hasira.