"Ubatili mtupu" wa Mhubiri: tuuache hivyo au turudishe mvuke?

Wakuu, kila msiba ninaohudhuria lazima isomwe Mhubiri 1:2: "Ubatili mtupu, mambo yote ni ubatili." Watu wanatikisa vichwa, kana kwamba marehemu alikuja duniani kupoteza muda.

Neno la Kiebrania pale ni hevel: mvuke, pumzi inayotoka mdomoni asubuhi ya baridi. Unaiona kabisa, ila haishikiki wala haikai. Jerome, mtafsiri wa Biblia wa kale, alipotafsiri kwa Kilatini aliweka vanitas, yaani utupu, ingawa katika ufafanuzi wake mwenyewe alieleza kwamba neno hilo laweza kuwa mvuke wa moshi. Union Version yetu, Biblia ya Kiswahili ya 1952, ikaweka ubatili. Ajabu ni kwamba katika 1:14 maneno yanayofuata ubatili, "kujilisha upepo", yalibaki na upepo wake!

Leo batili ni neno la mahakamani. Mawakili wa Tanzania wanatenganisha ndoa batili na ndoa batilifu (ile ambayo mahakama inaweza kuitangua), na iliyo batili huhesabiwa haikuwahi kuwapo. Sasa soma 9:9, mume anaambiwa aishi kwa furaha na mke ampendaye siku zote za maisha yake "ya ubatili". Furaha gani hiyo? Weka mvuke uone: siku zinayeyuka, basi kaa na mkeo vizuri zingali zipo. Mimi nasema neno libadilishwe.

— Mkuu, heri ubatili kuliko "bure kabisa" ya Habari Njema, ile tafsiri nyingine ya Biblia. Bure kwa mtu wa sokoni ni kitu cha kupewa bila hela.

— Hapo tuko pamoja.

— Mimi ni mwinjilisti, nahudumu kijijini. Nikiwaambia wazee maisha ni mvuke watawaza sufuria jikoni. Ubatili wamelizoea, lina uzito wake ibadani. Hamuoni mnaharibu?

— Mtumishi, kwa heshima zote, wazee haohao unawasomea Yakobo 4:14: "ninyi ni mvuke uonekanao kwa kitambo, kisha hutoweka." Kuna aliyewahi kukuuliza habari za sufuria? Na Mithali 21:6, ambako Kiebrania ni hevel ileile, Union imeandika "moshi upeperushwao huku na huku". Kumbe walijua.

— Sawa, ila Yeremia 10:15 sanamu zinaitwa hevel pia. Utaandika "sanamu ni mvuke"? Pale nabii anazilaani, anataka neno kali. Ukibadilisha huku na kuacha kule, msomaji atajuaje ni neno moja?

— Hoja nzito hiyo, siikwepi. Ila hata sasa hajui. Habili wa Mwanzo 4, aliyeuawa mapema, jina lake kwa Kiebrania ni hilohilo hevel, na Kiswahili hakimwonyeshi. Kwa hiyo sanamu za Yeremia zibaki na ubatili wao, zinastahili. Mhubiri anaongelea kazi, mali na miaka ya mtu. Huko naomba mvuke, na tanbihi ndogo chini ya ukurasa imweleze msomaji.

— Tanbihi nani anasoma msibani?