Mrejesho: Kibali cha Ujerumani kimetosha Ufaransa na Uswisi

Ndugu zangu, niliwauliza kama mwenye pasipoti ya Tanzania na kibali cha ukaazi cha Ujerumani anahitaji viza kwenda kutembea Ufaransa na Uswisi. Haihitajiki. Uswisi haimo Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zilizofunguliana mipaka, basi kibali kinatosha, mradi usizidishe siku 90 ndani ya kila siku 180. Ila beba na pasipoti, kadi peke yake haitoshi. Wakati wa kurudi, treni ilipofika Kehl, mji wa Ujerumani mpakani na Ufaransa, polisi waliingia behewani, wakalinganisha jina la kwenye kadi na la kwenye pasipoti herufi kwa herufi.

Dada uliyetaka kuunganisha hadi Dublin, tafadhali usikate tiketi kwanza! Ayalandi imo Umoja wa Ulaya ila haimo Schengen. Wana viza yao. London vilevile. Asanteni sana, mmenitoa hofu.