Je, Waafrika tumelaaniwa kupitia Hamu?

Mkazi wa Ujiji: Wakubwa, shikamooni. Hapa Ujiji, ambako misafara ya watumwa ilianzia safari ya kuelekea Bagamoyo, bado nasikia watu wakisema kwamba sisi ni kizazi kilicholaaniwa cha Hamu, mwana wa Nuhu. Je, ndivyo Maandiko yasemavyo?

Mwalimu, Tabora: Marahaba. Hapana, kwa sababu Mwanzo 9:25 inamtaja Kanaani, mwana wa Hamu, kuwa ndiye aliyelaaniwa, ilhali Kushi, Misri na Putu, ambao Mwanzo 10:6 inawataja kuwa ndugu zake, hawakuguswa na laana hiyo. Inaniuma sana kwamba maneno hayo yalipotoshwa ili kuhalalisha utumwa.

Muumini, Kasulu: Naongeza kwamba 2 Wafalme 19:9 inamtaja Tirhaka, mfalme wa Kushi, nchi iliyokuwa kusini mwa Misri, akitoka kupigana na Ashuru. Je, huyo ni mtumwa?